Saini ya rais wa Marekani inafikaje mpaka Njombe? Nimeipitia, nawapa nilichokiona

Mkuu mleta uzi umeuliza vitu viwili: hizi amri anazosaini rais wa Marekani ni sheria au ni mbwembwe za kamera, na je mtu akipata ofa ya kazi kwenye mradi wa hela za Wamarekani saizi asaini au aache. Wengi hapo juu wamekujibu kishabiki, huyu anampenda Trump yule hampendi, na mmoja kauliza kwamba mwanae anasoma kule sasa kama wizara ya elimu inafutwa chuo kitafungwa? Mie nakujibu kama mtu aliyekaa miaka minne kwenye CTC (kliniki ya matibabu ya VVU) moja mkoani Njombe, upande wa data, mshahara wangu ulikuwa unalipwa na mradi (jina naliacha) na mradi ulikuwa unakula hela ya Marekani.

Nianze na ilivyotufikia. Trump kaapishwa Jumatatu ya 20 Januari 2025, kesho yake asubuhi kila mtu ana klipu kwenye simu, jamaa anasaini mbele ya uwanja umejaa watu alafu anawarushia kalamu, tukacheka sana. Siku ile moja alisaini amri 26. Mojawapo ilisema misaada ya nje isimame siku 90 ipitiwe upya, ila nani alikuwa na muda wa kuisoma, sisi tulikuwa tunahangaika na ripoti ya robo mwaka.

Ijumaa ya tarehe 24 Washington wakatoa maelekezo ya kusimamisha kazi. Kwetu imeli imeingia Jumatatu ya 27, saa tatu kasoro hivi, mvua ya Njombe ile isiyokatika na baridi lake. Bosi kaisoma mara mbili kimya alafu akatuambia jamani hapo hapo mlipofikia, hata ulichokuwa unaandika usimalizie. Funguo za pikipiki zikaingia kwenye bahasha, laptopu kabatini, na ule mlango wenye stika ya mikono miwili inashikana, nembo ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ukafungwa. Mie mezani nilikuwa na listi ya watoro 19, yani wateja waliopitiliza tarehe ya kuchukua dawa, na mama mmoja MWAVIU mshauri (anayeishi na VVU na kuwashauri wenzake) nilishamtuma kwa boda kuelekea Lupembe kumtafuta mmoja wao. Ikabidi nimpigie arudi. Akaniuliza kwani tumekosea nini? Sikuwa na jibu, nikamwambia mama wewe rudi tu, nauli ya boda nitaibeba mimi.

Na kumbuka huu mkoa utafiti wa 2022-2023 uliukuta na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, hakuna mkoa unaotuzidi Tanzania nzima. Dawa zenyewe zilikuwepo stoo, hilo niseme ukweli maana watu wanatia chumvi, daktari na nesi wa serikali waliendelea kufungua dirisha kama kawaida. Kilichokatika ni ile minyororo midogo midogo: wa kumpigia simu mtoro, wa kwenda kwake, wa kupeleka sampuli ya wingi wa virusi maabara, wa kuingiza kadi kwenye mfumo ili ijulikane nani hajaja. Nesi mmoja na foleni ya watu themanini hawezi kupanda boda kwenda Lupembe.

Sasa utaona raha ya hii kitu. Tarehe 28 ikatoka ruhusa kwamba huduma za kuokoa maisha ziendelee, baadae ikafafanuliwa na matibabu ya VVU yamo. Tukashangilia. Ila ruhusa ni karatasi, mfumo wa malipo ulikuwa umezimwa na waliotakiwa kuidhinisha malipo wengi wamepelekwa likizo, kwahiyo una ruhusa ya kufanya kazi ila hela ya mafuta hakuna. Tarehe 13 Februari jaji wa Washington akaamuru hela zifunguliwe. Hazikufunguka. Mwisho wa mwezi huohuo barua za kuvunja mikataba zikashuka kama mvua, yetu ikiwemo, na tarehe 5 Machi ndio Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ikakataa kuuzuia uamuzi wa yule jaji wa kwamba kazi iliyokwishafanyika ilipwe, hiyo ilikuwa karibu dola bilioni 2. Siku tano baadae Rubio, waziri wao wa mambo ya nje, katangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Yani mahakamani kule upande wa miradi ulikuwa unashinda shinda, huku mie nimeshauza friji.

Ndio maana swali la ni sheria au siyo sheria naona halitoshi mkuu. Amri ya rais kule siyo sheria, sheria inatungwa na Bunge lao. Amri ni agizo la bosi kwa watumishi wa serikali yake, fanya hivi, acha hivi, mpe huyu, mnyime yule. Swali la maana ni ikianza kuuma leo, nani ataisimamisha na atachukua muda gani. Hebu angalia ile ya uraia wa watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na makaratasi ya kudumu, kasaini siku ileile ya 20, tarehe 23 jaji wa Seattle keshaizuia. Siku tatu. Kwasababu uraia wa kuzaliwa umeandikwa kwenye Katiba yao na walioshtaki ni majimbo yenye mawakili wao tayari. Sisi wa watoro 19 wakili wetu nani?

Kinyume chake ni ile ya viza. Pale Bunge lenyewe lilishampa rais mamlaka kwenye sheria ya uhamiaji kuzuia wageni akiona wana madhara, na Mahakama ya Juu ilishambariki tangu 2018. Ndio maana Juni 2025 alipozifungia nchi 12 na kuzibana nyingine 7, majirani zetu Burundi wakiwemo, hukuona jaji wa siku tatu. Na sisi tukaingizwa kwenye kundi la kubanwa kuanzia 1 Januari 2026, hilo mnalijua wenyewe.

Mzee mwenye mtoto chuoni, punguza presha. Shule za Marekani zinaendeshwa na majimbo na wilaya zao, Washington inachangia kama asilimia 10 tu ya hela za shule za msingi na sekondari. Ile wizara iliundwa kwa sheria ya 1979, rais peke yake hawezi kuifuta, na amri yake ya 20 Machi 2025 imeandikwa kabisa kwamba waziri aelekee kuifunga kadiri sheria inavyoruhusu. Hayo maneno ya kadiri sheria inavyoruhusu jifunzeni kuyatafuta, yapo karibu kila amri, ndio mlango wa dharura wa mawakili wake. Ila sasa, siku tisa kabla ya hiyo saini wizara ilishatangaza kupunguza karibu nusu ya watumishi wake, walikuwa elfu nne na ushee, na Julai Mahakama ya Juu ikaruhusu upunguzaji uendelee wakati kesi inasikilizwa. Kwahiyo wizara ipo, kibao kipo, mlinzi getini yupo, ukituma malalamiko kwamba mwanao kabaguliwa shuleni ndio utajua waliobaki ni wangapi. Mwanao kama ni mgeni mwenye viza ya masomo hakopeshwi na serikali yao hata hivyo, wewe fuatilia habari za viza.

Kuna mdau kasema hizi amri kaanzisha Trump. Hapana aisee. Rais Truman 1948 alitumia amri kuondoa ubaguzi jeshini, Roosevelt 1942 naye alitumia amri na Wamarekani wenye asili ya Japani wakaishia kambini, kama laki moja na ishirini elfu. Johnson 1965 akatoa amri namba 11246 ya kuwabana wenye tenda za serikali wasibague kwenye ajira, imedumu karibu miaka 60 marais wanapita imo tu, Trump kaifuta siku yake ya pili ofisini. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 hakuigusa maana ile ni ya Bunge. Na USAID yenyewe ilizaliwa kwa amri ya Kennedy, namba 10973, Novemba 1961, mwezi mmoja kabla ya uhuru wetu. Baadae Bunge likaitambua kwenye sheria, 1998, ndio maana kelele zilikuwa kubwa ilipofungwa 1 Julai 2025, ila kufungwa imefungwa.

Amri za ajira sizijui sana, kuna ya vijana wajifunze ufundi kazini, lengo zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hiyo hata mie ningeisaini.

Haya, ofa yako. Mie ningeisaini, sikudanganyi, kazi hakuna. Ila usichukulie mkopo wa benki huo mshahara, na kabla ya kusaini muulize HR mradi ukisimamishwa ghafla notisi nalipwa kutoka wapi. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inakupa notisi isiyopungua siku 28 kama unalipwa kwa mwezi, mwajiri wangu alinilipa, namshukuru, kuna wenzangu wa miradi mingine walizungushwa mpaka wakaenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Alafu soma mkataba mpaka chini, tafuta kale kasentensi ka kutegemea upatikanaji wa fedha za mfadhili. Mie kalikuwa ukurasa wa nne, juu kidogo ya saini yangu, na miaka minne yote sikuwahi kukasoma.

Listi ya wale 19 niliinakili kwenye karatasi nikamwachia nesi kabla sijarudisha laptopu. Mara ya mwisho kumuuliza, 11 walikuwa wamesharudi dirishani. Saizi nanunua parachichi za wakulima napeleka kwa wenye magari, mtandao shambani unasumbua, mwenye swali aache hapa nitajibu usiku.