ULIZA UJIBIWE: Wakijenga gereza jipya, mdogo wangu atatoka?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Mdogo wangu yuko mahabusu huu mwaka wa pili, wanasema eti alikuwemo kwenye kundi lililovamia mtumbwi usiku na mapanga wakabeba injini. Kila tukienda mahakamani upelelezi haujakamilika, tunarudi. Ananiambia ndani wanalala kwa ubavu, mmoja akitaka kugeuka inabidi wageuke wote. Sasa nasikia wanasiasa wanabishana, huyu anataka yajengwe magereza mengine, yule anataka rais atoe msamaha. Ipi itamsaidia?

JIBU: Pole sana dada. Ukweli ni kwamba hakuna hata moja.

Msamaha wa rais uko kwenye Katiba ibara ya 45 na ni wa mtu aliyeshatiwa hatiani, sasa mdogo wako hajahukumiwa, asamehewe nini? Watu wa Mwanza tunaikumbuka 9 Desemba 2019 pale uwanja wa CCM Kirumba, Magufuli katangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, shangwe kibao, ila mahabusu hawakuwemo kwenye hesabu hiyo. Na Julai mwaka huohuo alikuwa ameingia mwenyewe gereza la Butimba akawasikiliza waliomo, na kilio kikubwa kilikuwa kesi kukaa muda mrefu na kubambikiwa.

Kuhusu majengo, nafasi za magereza yote nchini zilikuwa zikitajwa kama watu 29,900 hivi na kwa miaka mingi idadi ilikuwa ikipita hapo, kwa hiyo wanaodai majengo hawajakosea kabisa. Lakini unaongeza ndoo wakati bati limetoboka. Tobo lenyewe ni hili: unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, sawa na mauaji au utakatishaji fedha, kwa hiyo mtu akishasomewa shtaka hilo anakaa ndani hata kama ushahidi ndio kwanza unatafutwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha sheria kinachozuia dhamana hiyo kinapingana na Katiba, miezi michache tu Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Mimi naona mjadala wa bunge ungekaa hapohapo, maana wabunge ndio wanaoweza kukibadilisha, ila kukata utepe wa jengo kunapendeza zaidi kwenye picha.

Cha kufanya wewe: chukua namba ya kesi, usikose siku inapotajwa (akiwa mahabusu haitakiwi kuahirishwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja), tafuta msaada wa kisheria wa bure, upo kwa sheria ya 2017, na muandike barua ofisi ya mashtaka, kwani DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, ana uwezo wa kuifuta kesi. Akija mtu pale nje ya mahakama anakwambia toa laki mbili nikutolee ndugu yako, mpite tu.

SWALI: Nyie mnawatetea tu. Mimi mvuvi wa Igombe, injini yangu imebebwa na mkopo bado nalipa. Wafungwa wakipunguzwa magerezani si wanarudi ziwani kutumaliza?

JIBU: Kaka hasira zako nazielewa, na injini sio bei ya kokoro. Ila wanaozungumziwa kupunguzwa sio hao. Unyang'anyi wa silaha kifungo chake kinaanzia miaka 30, na sheria ya parole ya 1994, ile ya kutoka mapema kwa masharti, imewaweka pembeni kabisa. Huduma kwa jamii, sheria ya 2002, ni ya vifungo visivyozidi miaka 3, yaani yule kijana aliyekamatwa na nyavu haramu akashindwa faini, afagie zahanati au achimbe mitaro bila malipo halafu jioni arudi kulala kwake. Huyo ukimlaza na majambazi miezi sita unategemea atoke na ujuzi gani?

Halafu nikuulize, namba ya injini uliiandika mahali? Polisi ukiwapa namba wana cha kufuatilia mpaka kwa mafundi na wanunuzi, bila namba wanaanza kuzoa vijana waliokuwa ufukweni usiku huo.