Tushikane barabara: neno lililonitega kwenye wimbo

Harusi ilikuwa Mwanjelwa, kwaya yetu ya hapa Uyole, Mbeya, imealikwa, na kutunga wimbo nikaachiwa mimi. Tuni nilikuwa nayo tayari. Ilinijia ndani ya daladala, nikaishikilia kwa kupiga mluzi mpaka nyumbani. Maneno nayo yalikuja haraka, na hilo peke yake lingenishtua:

Leo nyota imeng'ara,
Tushikane barabara.

Mizani, yaani silabi, 8 juu, 8 chini, kina cha "ra" kote. Noti ya juu kabisa niliiweka kwenye "ng'a", ikavutwa, kisha ikashuka taratibu. Waimbaji wa sauti ya kwanza walipoiimba nilisisimka. Mshororo wa pili ukafuata tuni hiyo hiyo: tu-shi-ka-ne ba-ra-baaa-ra.

Mzee mmoja wa besi akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Tunashika barabara ipi? Ya Tukuyu au ya Iringa?"

Anayeijua njia panda ya Uyole, barabara hizo mbili zinapoachana, anaelewa kwa nini mazoezi yalivunjika kwa kicheko kwa dakika kumi.

Kosa lenyewe ni hili. Maneno karibu yote ya Kiswahili yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: sa-fa-RI-ni, vi-A-zi, Ru-NGWE-ni. Barabara ya magari nayo inafuata kanuni, ba-ra-BA-ra. Lakini barabara ya "sawasawa, kwa uthabiti" ni mtoto mtundu, mkazo wake uko nyuma zaidi: ba-RA-ba-ra. Kwenye karatasi huwezi kuyatofautisha. Mdomoni kila mtu anayatofautisha, hata mtoto wa darasa la kwanza. Tuni yangu ilivuta silabi isiyo yake, ikabadilisha neno. Sikuandika kosa lolote, nililiimba.

Nilishauriwa niweke "Tushikane siku zote". Mizani inatosha, mkazo unakaa mahali pake, lakini ladha imekufa, na kina kimekwenda nayo. Nikakataa. Badala yake niligusa tuni: kwenye mshororo wa pili noti ya juu ikaingia mapema, kwenye "ra" ya kwanza, halafu silabi mbili za mwisho zikashuka haraka kama mtu anayepiga meza. Tu-shi-ka-ne ba-RAAA-ba-ra. Mshororo ukapata nguvu ambayo ule wa kwanza haukuwa nayo. Tangu hapo msimamo wangu ni huo: kama neno ndilo ulilokusudia, tuni ndiyo ipige magoti. Kama neno uliliweka kujaza nafasi tu, litupe bila huruma.

Watu huniuliza kipi kianze, tuni au maneno. Sina uchaguzi, na wakubwa wa kazi hii hawakuwa nao. Richard Rodgers wa Marekani alipofanya kazi na Lorenz Hart, mara nyingi muziki ulitangulia, Hart akaja na maneno ya kuuvisha. Alipohamia kwa Oscar Hammerstein, ambaye alitoa naye mchezo wa kuimba "Oklahoma!" mwaka 1943, mambo yakageuka: Hammerstein anaandika kwanza, Rodgers anafuata. Mtu mmoja, njia mbili, na zote zilimlipa.

Paul McCartney wa Beatles alipopata tuni ya "Yesterday" hakuwa na maneno, akaishikilia kwa maneno ya mzaha kuhusu mayai ya kuvuruga. Nami ninayo yangu ya jikoni. Tuni ikinijia bila maneno, naiimbia "Maharage na viazi". Usicheke. Ma-ha-RA-ge na vi-A-zi: mizani 8, uzito kwenye ya 3 na ya 7. Nikishajua tuni yangu inakubali maharage na viazi, nimeshajua inataka maneno yenye uzito wapi. Ikikataa, natafuta chakula kingine.

Hapa ndipo ubeti wa pili unapowaua watunzi wengi, mimi nikiwemo. Ubeti wa kwanza huzaliwa pamoja na tuni, unakaa kama mguu kwenye kiatu chake. Ubeti wa pili unaletwa baadaye, mtunzi anahesabu mizani kwa vidole, inafika 8, anaridhika. Nilikuwa na wimbo wa kijana anayeondoka Mbeya kwenda Dar na TAZARA, nikaandika "Niliondoka na treni". Hesabu: ni-li-o-ndo-ka na tre-ni, 8 kamili. Uimbe sasa kwenye tuni ya maharage. Noti ndefu inaangukia kwenye "o", silabi ambayo haina uzito wowote, na "ndo" yenye mkazo inapitwa kama abiria aliyechelewa. Nilihangaika nao siku nzima kabla sijapata "Nimepanda ile treni". Mizani ni ile ile 8, ila "pa" imekaa kwenye 3, na tuni ikatulia. Washairi wetu walituachia mizani na vina, na mshairi anayeghani ana uhuru wa kuvuta na kupunguza. Gitaa na ngoma havikupi uhuru huo. Pigo likifika, limefika.

Kuna jambo dogo ambalo sijawahi kuona likiandikwa, nalo linasumbua kila kwaya: neno "mtu". Lina silabi mbili, m na tu, na mkazo uko kwenye "m". Ukiweka noti ndefu ya juu hapo, waimbaji wako 20 watasimama mbele ya watu wamefunga midomo wakinguruma kama nyuki. "Nchi" nayo ni hivyo hivyo. Wingi unaokoa, "watu" ina "wa" iliyo wazi. Kwa noti za juu kabisa mimi hutafuta "a" au "o". "I" na "u" hukaba koo, hasa asubuhi ya Juni hapa kwetu ambapo waimbaji wanafika na makoti mawili mawili.

Tuni pia inaweza kusema kitu ambacho neno linakitaja tu. Harold Arlen alipotia muziki "Over the Rainbow" ya mwaka 1939, neno la kwanza, lenye maana ya "mahali fulani", aliliruka oktava nzima, kutoka chini hadi juu. Hujasikia bado ni mahali gani, lakini sikio limeshaambiwa ni mbali. Kwetu, chukua jina Zuwena, alilolitumia mwanamuziki Marijani Rajabu. Zu-WE-na, uzito katikati. Mwite mtu hivyo kwa sauti kutoka ng'ambo ya bonde, uone kama hujaanza kuimba.

Haya yote nayasema kwa Kiswahili na Kinyakyusa changu. Kihehe ni habari nyingine. Huko kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Nilipokuwa nafanya kazi Iringa niliwahi kutunga ubeti mmoja wa Kihehe, nikamwimbia bibi mwenye nyumba wangu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, hiyo ni lugha ya wapi?" Nikamwomba aseme mshororo kwa kawaida, nikaurekodi kwenye simu, nikaitafuta tuni humo humo ndani ya sauti yake. Hata kwa Kiswahili sasa nafanya hivyo: nasema kwanza kwenye simu, kwa mwendo wa mtu anayeongea na jirani, nasikiliza, ndipo nashika gitaa.

Ule wimbo wa Mwanjelwa bado unazunguka harusini. Kiitikio kina "Ee Neema", jina la bibi harusi wa kwanza, na kila familia inataka jina la kwao. Upendo na Rehema wanaingia bila shida. Anna anahitaji "Ewe" badala ya "Ee". Jumamosi hii ni Atupele: naitoa "ee", "a" ya jina inachukua nafasi yake, na "pe" inaangukia pale pale. Shida ni bwana harusi, Emanueli, mizani 5, uzito kwenye ya 4. Niliomba tumwite Ima. Mama yake amenipigia jana usiku: "Mwalimu, mimi nilimbatiza jina zima."