Uwanja wa otokrosi usiojilipa

Ndugu, unasema kiingilio cha uwanja wako wa otokrosi, yaani mbio za magari kwenye njia ya udongo, hapo Nakuru hakitoshi hata kulipia ambulensi, na majirani wamechoshwa na vumbi. Gharama ya ambulensi usiipunguze kamwe, wala ya vizima moto na bima. Watazamaji waondoe upande wa nje wa kona, maana gari likiteleza huko ndiko linakoelekea. Njia imwagie maji alfajiri, kisha kila baada ya raundi chache, na majirani uwape ratiba ya mwaka mzima. Fedha usizitafute getini pekee. Kodisha uwanja siku zisizo na mashindano: Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na dereva chipukizi anayeiota anahitaji mahali pa kujaribia gari mbali na barabara ya umma.