Nitengeneze Mwenyewe au Niite Fundi?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: kazi hii niishike mwenyewe au niite fundi? Wengi mnaanza kwa kujiuliza kazi ni ngumu kiasi gani. Naomba tuanze na swali jingine: nikikosea, kosa litaonekana hapo hapo, au litajificha ukutani hadi lilete hasara? Majibu yote hapa chini nimeyapima kwa swali hilo.

Swali: Shikamoo. Koki ya jikoni inadondosha maji usiku kucha. Mume wangu anasema ni kazi ya muda mfupi, mimi nataka tuite fundi. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Safari hii mume yuko sahihi, maana akikosea mtaona maji papo hapo na mtafunga.

Kwanza fungeni valvu inayoleta maji, kisha fungueni koki mpaka maji yaliyobaki yaishe. Zibeni tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Afungue kichwa cha koki kwa spana na kutoa shina lake. Chini ya shina kuna kimpira cheusi, mafundi wanakiita washa. Akigeuze akitazame: kikiwa kimeingia mfereji wa duara, au kimekuwa kigumu kama plastiki, mwizi wa maji ndiye huyo. Aende nacho dukani apate kinacholingana nacho, asikisie ukubwa kwa macho. Kabla ya kufunga, apitishe kidole pale washa inapokalia. Pakiwa na mikwaruzo, washa mpya italika upesi vilevile.

Koki yenu ikiwa ni ile ya mkono mmoja wa kuinua, ndani haina washa ya namna hii bali katriji, yaani kipande kimoja kinachofungua na kufunga maji, na hiyo hubadilishwa nzima.

Na kama mnaona ni matone tu, wekeni chombo chini yake kwa saa moja. Kikikusanya lita 1, hizo ni lita 24 kwa siku na lita 8,760 kwa mwaka. Lakini valvu ikigoma kufunga maji, mwiteni fundi. Hapo hamna namna ya kuyazuia kosa likitokea.

Swali: Soketi ninayochomekea pasi inapata joto na imeanza kuwa ya kahawia. Nimeona video ya kubadilisha soketi. Nijaribu?

Hapana, ndugu yangu. Zima sakiti breka ya soketi hiyo leo, usiitumie tena, na umwite fundi umeme mwenye leseni.

Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 8. Waya ukiwa umelegea kwenye skrubu yake, mkondo huo unageuka joto palepale. Plastiki ya waya inakauka, inapasuka, kisha inaungua. Video inakuonyesha soketi mpya ikifungwa, haikuonyeshi hali ya waya wako ndani ya ukuta. Unaweza kubadilisha soketi vizuri kabisa, pasi ikawaka, nawe ukalala umeridhika huku waya ukiendelea kuungua nyuma ya plasta.

Fundi akija, muulize kama nyumba ina kifaa cha kukata umeme unapovuja. Cha kuwalinda watu kwa kawaida hukata kwenye milliampea 30. Kina kitufe cha majaribio, na hicho unaweza kukibonyeza mwenyewe mara kwa mara.

Swali: Ukutani kuna ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka mshazari. Sarafu inaingia. Nizibe kwa saruji kabla ya kupaka rangi?

Usiuzibe kwanza. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ni ya kweli, lakini huu ukiuziba sasa utakuwa umefuta ushahidi.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye plasta kama utando, mara nyingi zimetokana na plasta kukauka haraka. Hizo zinatibika kwa puti na rangi. Wako ni wa aina nyingine. Kona za madirisha ni mahali dhaifu pa ukuta, na ufa wa mshazari unaweza kuwa dalili ya msingi kutitia upande mmoja.

Chukua penseli, piga kistari kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe pembeni. Pima upana wake kwa milimita pale ulipo mpana zaidi. Rudia kila mwezi. Wakati huo zunguka nje uone kama kuna bomba linalovuja au maji ya paa yanayomwagika kwenye msingi. Ufa ukirefuka, ukizidi milimita 5, au dirisha likianza kukwama kwenye fremu, mwite mhandisi wa majengo. Mpiga plasta ataziba kwa ustadi, na ufa utarudi palepale.

Swali: Bati linavuja sebuleni. Nipande?

Usipande. Ingia darini kwa tochi wakati mvua inanyesha, kama kuna njia salama, uweke alama maji yanakoingia. Mara nyingi yanatembea juu ya mbao kabla ya kudondoka, hivyo tundu haliko juu ya doa. Juu ya paa aende aliyezoea. Na kama paa ni la asbesto, mtu yeyote asilitoboe wala kulivunja bila utaalamu, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Swali: Fundi wa bafu anataka alipwe fedha zote kabla ya kuanza. Nikubali?

Usikubali. Tenganisha vifaa na ufundi. Vifaa nunueni pamoja, risiti ibaki kwako. Ufundi lipa kwa hatua, na sehemu ya mwisho isubiri majaribio.

Hayo majaribio nayasisitiza kwa uchungu. Bafuni kwangu fundi alimaliza mabomba jioni, kesho yake asubuhi tukabandika vigae bila kupima. Baada ya miezi minne rangi ya chumba cha pili ilianza kuvimba malengelenge. Tulibomoa vigae 11 kukifikia kiungo kimoja kilichokuwa kinatoa jasho tu, tone kwa tone. Mwambie wako ajaze maji kwenye mabomba, ayaache chini ya shinikizo usiku kucha, na asubuhi mpapase kila kiungo kwa karatasi kavu kabla ya plasta kugusa ukuta.

Swali: Nimepanga kwa mara ya kwanza, sina kifaa hata kimoja. Nianze na nini?

Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, spana ya kurekebisha, koleo, futi ya kupimia na tochi. Kabla ya kugusa bomba au ukuta, zungumza na mwenye nyumba. Ila kabla hujanunua chochote, leo hii tafuta valvu kuu ya maji na meni swichi. Valvu ifunge na kuifungua uone kama inazunguka. Kisha usiku zima taa, ujaribu kuifikia meni swichi gizani kwa kupapasa.