Jibu: Ninunue laptopu ya AI ama niongeze RAM kwa hii yangu?

Yakhe, waniuliza ununue laptopu mpya yenye stika ya AI ama ubaki na ThinkPad T480 yako ya mtumba uiongeze RAM, na hiyo AI waitaka ikujibie wateja kwa Kiswahili. Mi ni fundi hapa Mombasa na yote mawili nshayajaribu, kwa hivyo ntakwambia nlivyoona.

Baki na T480. Ile stika maana yake ndani mna NPU, yaani chipu ya kazi za AI, na zile Microsoft waziitazo Copilot+ tangu 2024 sharti NPU ifike TOPS 40 (hesabu trilioni 40 kwa sekunde) na RAM 16GB, sawa, lakini nlipoendesha modeli, yaani hiyo AI yenyewe, kwa llama.cpp, programu ya kuiendesha kwa mashine yako mwenyewe, kazi yote ilibebwa na prosesa na RAM, NPU imekaa tu kama mgeni. Halafu T480 ina nafasi mbili za RAM, hizi nyembamba za sasa nyingi RAM imechomewa kwa bodi, ukikosea siku ya kununua ushakosea.

Modeli ya parameta bilioni 8, yaani zile namba zake za ndani, ikibanwa kila namba ichukue biti 4 ni kama 5GB, kwa RAM ya 8GB ukifungua na kivinjari hapo mashine yakwama. Weka vijiti viwili vinavyolingana, usiweke kimoja kikubwa, manake kila kipande cha neno kikitoka prosesa yaisoma modeli nzima upya, na kijiti kimoja cha DDR4 2400, aina ya RAM ya T480, chapitisha kama 19GB kwa sekunde, viwili 38. Gawanya hiyo 38 kwa 5GB za modeli, hata vipande vinane kwa sekunde hupati. Na hapo ndo Kiswahili chatuumiza, neno la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja, letu kama "hawajatuletea" lakatwakatwa kama mhogo, jibu lilelile lachukua muda zaidi.

Ila kabla ya kununua chochote fungua mfuniko. Huku chumvi ya bahari haina huruma, kuna mtu nlimuuzia RAM mpya nikajua ya kwanza imekufa, kumbe meno yake yalishika kutu tu, raba ya shule ingemaliza. Nlimrudishia pesa zake, aibu nlibaki nayo.

Sasa hiyo ya kujibu wateja. Kwanza nyanyangu alituma meseji kwa grupu la familia, "watoto wa hapa waniteka nikivaa miwani", na wewe wajua Kimvita kuteka ni kucheka, mi nikaipa modeli ya kwa mashine inifupishie meseji za siku, ikaniambia nyanya ametekwa nyara na watoto na familia ipige ripoti polisi 😂. Ile kubwa ya mtandaoni ilielewa zaidi, lakini nikiiambia iandike Kimvita yaniletea Kiswahili cha msoma taarifa ya habari.

Lililoniuma ni la mteja. Mama mmoja mtu mzima aliandika sabalkheri mwanangu, waonaje hali, mkeo na watoto hawajambo, ndo mwisho kabisa akauliza laptopu ya mwanawe. Mi niko chini ya meza na bisibisi, AI ikamjibu "Asante kwa kuwasiliana nasi. Kifaa chako kiko tayari." Yule mama alikuja mwenyewe mpaka dukani, hakuuliza laptopu, aliuliza "nimekukosea nini mwanangu?" Nlikosa la kusema wallahi. Na hapo nlikuwa nshaiongeza RAM mpaka 32.

Siku hizi naitumia kunifafanulia makosa ya Windows na kupanga bei za spea, salamu naandika kwa mkono wangu hata nikichelewa.

Wewe ukiileta hiyo T480 njoo na chaja yake, na RAM usinunue kwanza mpaka tuone ndani mna vijiti vingapi, nyingi huja na kimoja tu.