Tazama palipovunjika kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini bamba lako la nyuzi za mkonge zilizogandishwa ndani ya poliesta (resini, yaani plastiki ya maji inayoganda) limevunjika mapema wakati mkonge wenyewe ni mgumu. Ni mgumu kweli, uzi mmoja hubeba takriban megapaskali 400 hadi 700 (kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa unene wa uzi). Tazama palipovunjika. Ukiona nyuzi zimechomoza kama ndevu, na upande wa pili kuna vitundu vitupu, basi hazikukatika, zimechomoka. Mkonge unapenda maji, poliesta inayakimbia, na juu ya uzi kuna nta inayozidi kutenganisha uzi na poliesta.

Ili kuondoa nta hiyo, loweka nyuzi saa chache kwenye maji yenye kostiki soda (ile ya watengeneza sabuni) asilimia 5 hivi. Vaa glavu. Usizidishe, maana kostiki nayo inaula uzi. Suuza mpaka utelezi uishe, kisha kausha kabisa. Hapo kwenye kukausha ndipo wengi tunaharibu: uzi uliokaa hewani huwa na unyevu wa karibu asilimia 10, na unyevu huo huacha vipovu ndani ya bamba, ufa unaanzia humo. Mimi niliwahi kufanya haraka wakati wa masika. Bamba likatoka na madoa meupe, likaanza kulia tik, tik, kabla sijafika hata nusu ya mzigo.

Halafu, kama nyuzi ulizimwaga ovyo, usitarajie nguvu ya zilizolazwa kufuata upande bamba linakovutwa. Na kingo ulizokata zipake resini, maji huingilia hapo.