Picha za Mabasi na Treni za Zamani: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mstaafu wa miaka 72, mkazi wa Tabata. Tangu ujana wangu nimependa mabasi na treni, na kwa kamera niliyoachiwa na marehemu kaka yangu nilipiga picha nyingi hapa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1971 hadi miaka ya tisini. Mjukuu wangu amenisaidia kuzipiga upya kwa simu, na sasa tunawatumia watu wanaozipenda, kila moja ikiwa na maoni yangu. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Niliandika kwamba picha hii ninayoiambatanisha ni ya basi la UDA mwaka 1972, kijana mmoja akanijibu kwamba mwaka huo UDA haikuwepo. Niliposema kwamba usafiri wa enzi zile ulikuwa na heshima kuliko wa sasa, wengine wakanijia juu. Mjukuu wangu ananishauri niache maoni, nitume picha tupu. Je, yuko sahihi? Na nitajuaje miaka ya picha ambazo sikuandika kitu nyuma yake? (Mstaafu, Tabata)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu, na ahsante kwa kutuamini na picha yako, ambayo tutakurudishia mkononi wala hatutaituma kwa posta.

Nianze na ubishi wa mwaka. Kijana aliyekusahihisha ana haki kuhusu jina. Mabasi ya jiji wakati ule yalikuwa ya DMT, kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport, na mwaka 1974 kampuni hiyo iligawanywa mara mbili: mabasi ya mjini yakawa ya Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, na yale ya mikoani yakaenda Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, ambayo jina lake bado tunalitaja kila tunapomwambia kondakta atushushe Kamata, pale Gerezani. Hata hivyo, nilipoiweka picha yako chini ya kioo cha kukuzia niliona jambo ambalo ninyi wawili hamkulitaja. Ubavuni mwa basi, chini ya dirisha la tatu, kuna kiraka cha rangi kilichokoza kuliko bati linalokizunguka. Juu yake zimeandikwa herufi UDA, na kando ya ile U umejitokeza mgongo wa herufi nyingine, umenyooka kama wa D, ambao fundi wa rangi hakuufunika vizuri. Basi lako, kwa hiyo, lilianza kazi likiwa la DMT, na siku ulipolipiga picha pale karibu na Mnara wa Saa lilikuwa limekwisha kuhamia UDA. Picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1974, na kwa jinsi kiraka kinavyoonekana kipya, siamini kwamba ni ya miaka mingi baada ya hapo. Wewe ulikumbuka basi kwa usahihi, ukateleza miaka michache tu, na ushahidi ulikuwa mfukoni mwako siku zote.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa mjukuu wako, ingawa najua anakupenda na hataki uchokozwe. Picha tupu ya basi lililosimama haimwambii kijana wa leo nauli ilikuwa kiasi gani, abiria walipanda kwa mlango upi, wala kwa nini mama aliyesimama nyuma ya kondakta ameshika kikapu kwa mikono miwili. Hayo unayajua wewe. Ninachokuomba ni kwamba usiyachanganye. Andika kwanza kinachoonekana kwenye picha, ambacho mtu yeyote mwenye macho anaweza kukihakiki. Kisha, katika aya nyingine, andika unachokikumbuka, ukisema wazi kwamba ni kumbukumbu. Na mwisho kabisa weka maoni yako, ukiyatia sahihi kama maoni. Mtu akipinga maoni yako, picha na kumbukumbu zitabaki salama. Ukiyaweka yote katika sentensi moja, kosa dogo la mwaka litawafanya watu waikatae hata ile sehemu ambayo hakuna mwingine anayeweza kuisimulia.

Kuhusu heshima ya usafiri wa enzi zile, niruhusu nikupinge kidogo, kwa adabu. Naamini kwamba uliona watu wakipanga foleni na kondakta akikata tiketi kutoka mkoba wa ngozi, na hilo lina uzito. Lakini picha zako zinafika hadi miaka ya tisini, maana yake ulikuwepo pia baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri na mafuta havikupatikana, mabasi mengi yakalala gereji na watu wakasimama vituoni kwa saa nyingi. Taabu hiyo ndiyo iliyoifanya serikali mwaka 1983 iruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini, kwa nauli ya shilingi tano, ile sarafu tuliyoiita dala, na jina daladala likazaliwa. Bila shaka ulipiga pia yale magari ya chai maharage, ambayo abiria walikaa wakitazamana kwenye mabenchi kama watu walio mezani, na zile Ikarus za Hungary zenye kiungo katikati ambazo mji mzima uliziita kumbakumba. Ziweke picha za foleni nzuri pamoja na picha za kituo kilichofurika, kila moja na mwaka wake, halafu utoe maoni yako. Nina hakika yatabadilika kidogo, na yasipobadilika, atakayekujibu atalazimika kuzitazama picha zote mbili kwanza.

Sasa miaka. Kwa treni, soma herufi zilizo kwenye kichwa cha treni na kwenye behewa. EAR&H ni reli na bandari za Afrika Mashariki zikiwa shirika moja, ambazo zilitenganishwa mwaka 1969; EAR peke yake ni reli baada ya hapo; na TRC, Shirika la Reli Tanzania, ni baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kumbuka yaliyotokea kwa basi lako, kwamba rangi ya zamani huchelewa kufutwa, kwa hiyo herufi mpya zinathibitisha kwamba picha si ya kabla ya mwaka fulani, ilhali herufi za zamani hazithibitishi kwamba si ya baadaye. Ukiona treni ya mvuke, usiandike TAZARA: reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976, ilianza kazi kwa injini za dizeli, na reli zake zina upana wa milimita 1,067 wakati zile za Reli ya Kati zina milimita 1,000. Behewa la huku halikuweza kuingia kule, ndiyo maana mizigo ilihamishwa kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu.

Kwa mabasi na magari, tazama kilicho nyuma yake. Paa la Soko la Kariakoo, lile la zege lenye umbo la miavuli, likionekana limekamilika, uko katikati ya miaka ya sabini au baadaye, kwani soko lilifunguliwa Desemba 1975. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa 1965. Kibao kilichoandikwa Independence Avenue kinakuambia kwamba Mtaa wa Samora bado haujaitwa Samora, na Pugu Road ndiyo Barabara ya Nyerere ya sasa. Namba za magari nazo husaidia, kwani zile zinazoanza na TZ zimetangulia hizi za sasa zenye T, tarakimu tatu na herufi tatu.

Jambo moja hukuliuliza, nami nalileta kwa sababu linaongeza thamani ya ulichonacho. Wakati ule mtu aliyeelekeza kamera kwenye daraja, bandari au stesheni aliweza kujikuta akijieleza mbele ya polisi, na wengi waliopenda treni waliishia kuzitazama tu. Kwa hiyo picha ya raia wa kawaida, aliyepiga kwa mapenzi yake na si kwa kazi ya ofisi, ni adimu. Sasa hivi, ambapo treni ya umeme imekuwa ikichukua abiria wa Morogoro tangu Juni 2024, na makutano ya Tazara yamefunikwa na daraja la Mfugale tangu 2018, kuna vijana ambao hawajawahi kuyaona makutano hayo yakiwa wazi. Waonyeshe, na uwaambie ulisimama upande gani wa barabara ulipobonyeza kamera.

Mwambie pia mjukuu asitegemee simu peke yake, kwani picha inayotumwa kwa simu hubanwa na kupoteza mengi. Kiraka kile cha rangi nisingekiona kwenye nakala aliyonitumia awali. Aziskani kwa nukta 600 kwa inchi kama ni za karatasi, na 3,200 kama ni negativu za milimita 35, azihifadhi kama faili za TIFF, aina isiyobana picha, sehemu mbili tofauti, kisha ndipo atengeneze nakala ndogo za kuwatumia watu.

SWALI: Baba yetu alituachia mkebe wa negativu za malori na pantoni la Kigamboni. Tukiufungua unatoa harufu kali ya siki. Tuzioshe? (Binti, Magomeni)

JIBU: Msizioshe, dada yangu. Harufu hiyo ni asidi inayotoka katika filamu ya asetati inapovunjika, na joto na unyevu wa mji wetu huiharakisha. Asidi iliyofungiwa ndani ya mkebe hurudi kuishambulia filamu iliyobaki, na hata negativu nzima zilizo jirani huambukizwa. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nilikuwa na mkebe kama huo wa biskuti, nikaufunga vizuri kwa kudhani ninautunza, na nilipoufungua baada ya miaka minne filamu zilikuwa zimejikunja na tabaka lenye picha limejitenga kama ngozi ya kitunguu. Zitoeni leo, mziweke mahali penye hewa, mzitenge zenye harufu na zisizo nayo, kisha kila ukanda uingie katika bahasha ya karatasi, si ya nailoni. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vitasaidia kunyonya unyevu kabatini, ila vibadilisheni mara kwa mara. Zenye harufu ndizo ziskaniwe kwanza, kwa sababu kilichokwisha kuharibika hakirudi.

SWALI: Nimenunua picha kadhaa za UDA kwa mzee mmoja. Naruhusiwa kuzichapisha kwenye kalenda ya kuuza? (Kijana, Kigamboni)

JIBU: Ulinunua karatasi, mdogo wangu, haki ya kuchapisha ni ya aliyepiga, au warithi wake, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Rudi kwa mzee huyo, umuulize kwanza kama ni yeye aliyezipiga, mwandikiane ruhusa na malipo, na umuulize jina lake aandikwe vipi. Liandike chini ya picha, pembeni, usilipitishe juu ya basi.